MITI NA MAJI YAKE
Namna ya Kuisoma Ardhi ya Singida kwa Miti Iliyoota Juu Yake

Kila mwaka, mvua za Desemba zinapoanza, miche mingi hupandwa katika vijiji vya Mkoa wa Singida: katika viwanja vya shule, kandokando ya njia, na katika mipaka ya mashamba. Na kila mwaka, ufikapo mwezi wa Septemba, mingi katika hiyo imekuwa vijiti vikavu. Watu husema, ni mbuzi. Wengine husema, ni mchwa. Wengine husema, ni jua. Sababu hizi zote ni za kweli. Lakini iko sababu nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni hii, ya kuwa mti umepandwa mahali pasipo na maji yake. Mti uliozoea ukingo wa mto umepelekwa kilimani penye mawe, na mti wa mchanga umepelekwa mbugani. Mche wa namna hiyo hufa hata ukizungushiwa miiba.

Katika habari hizi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi miti ya nchi yetu inavyojigawa yenyewe katika makundi kwa kadiri ya maji inayoyahitaji. Mtu akiyajua makundi haya ataweza kutazama pori na kujua mambo mengi kabla hajapiga jembe: udongo ni wa namna gani, maji yako mbali au karibu, na shamba litafaa au halitafaa.

JAMBO LA MVUA

Singida hupata mvua mara moja tu kwa mwaka, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Kipimo chake mahali pengi ni kati ya milimita 600 na 800. Miezi sita au saba inayobaki ni ya ukavu mtupu. Kwa hiyo mti wa huku hauhitaji mvua tu. Wahitaji mahali ambapo maji ya mvua yatawekwa akiba hata mwezi wa Septemba na Oktoba. Vijiji viwili vyaweza kupata mvua sawasawa, na miti yake isifanane hata kidogo, kwa sababu ghala za maji si sawa.

Ghala hiyo ni udongo. Mtu akitaka kuona kwa macho yake, na atwae makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja alitie mchanga, la pili alitie udongo mweusi wa mbuga uliokauka na kupondwa. Kisha amwagie kila moja maji kidogo yaliyo sawa. Katika mchanga maji yatashuka chini upesi, na juu patakauka; yale yaliyoshuka hayaguswi tena na jua. Katika udongo mweusi maji yatakaa juu, na jua litayachukua. Hata yale yatakayosalia, udongo huo huyashika kwa nguvu nyingi hata mizizi ya mti isiweze kuyafyonza yote. Ndiyo maana katika nchi kavu kama yetu mchanga wenye kina waweza kuwa rafiki ya mti kuliko udongo mweusi, ingawa udongo mweusi waonekana kuwa na rutuba zaidi. Katika nchi zenye mvua nyingi mambo huwa kinyume cha hayo.

Urefu wa nchi nao una kazi yake. Mji wa Singida uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kaskazini-mashariki yake, katika Mkoa wa Manyara, uko mlima Hanang wenye kimo cha mita 3,417. Mlima huo huzuia mawingu, na kwa hiyo juu yake pana msitu mbichi, hali chini yake, katika nchi ya tambarare, miti ni ya miiba na ya ukavu. Umbali wa mwendo wa siku moja kwa miguu watosha kumtoa mtu katika miti isiyojua kiu na kumpeleka katika miti isiyojua kushiba.

WALIOCHUNGUZA MAMBO HAYA

Wazee wetu walijua mambo haya kwa kuyaishi. Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wana majina yao ya namna za ardhi, na kila namna ina miti yake. Wataalamu wa elimu ya mimea na udongo walipokuja waliyapanga kwa vitabu na ramani. Bwana Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha uchunguzi wa kilimo cha Amani, Usambara, aliona ya kuwa katika nchi yetu ya vilima na mbuga udongo hubadilika kwa utaratibu ule ule kila mara mtu ashukapo kutoka kileleni hata bondeni, kama pingili za mnyororo. Mwaka 1935 aliuita utaratibu huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Leo neno hilo latumika duniani pote, nalo lilizaliwa hapa Afrika ya Mashariki.

Mwingine alikuwa Bwana B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea katika idara ya uchunguzi wa mbung'o iliyokuwa Shinyanga. Yeye alitembea sana katika mapori ya nchi ya kati, akaeleza ni miti gani ikaayo pamoja na kwa nini. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, yeye na mkuu wake, Bwana C. F. M. Swynnerton. Maandiko yake juu ya makundi ya miti yalitolewa mwaka 1942, baada ya kufa kwake, na mmea mmoja wa vichaka vya Itigi waitwa Burttia kwa heshima yake.

Sasa na tushuke mteremko, tuyatazame makundi hayo moja moja.

KUNDI LA KWANZA: MITI YA MAJABALI

Nchi ya Singida yajulikana kwa majabali yake makubwa. Juu ya jabali hapana ghala ya maji. Mvua ikinyesha yote hukimbia. Mti ukaao hapo ni ule uwezao kuweka akiba ndani ya mwili wake, au kupenyeza mizizi katika nyufa za mwamba. Hapo twaona minyaa yenye maziwa na isiyo na majani ya haja, mikuyu ya mawe ambayo mizizi yake huufumbata mwamba kama vidole, na miti ya jamii ya manemane.

Lakini tazameni chini ya jabali lile lile, mahali maji yanapoangukia. Hapo mara nyingi pana miti mikubwa yenye kivuli, maana hupata mvua yake yenyewe pamoja na mvua ya jabali zima. Hili ni fundisho tutakalolirudia: maji yakikusanywa, mahali pakavu hugeuka kuwa mahali pa maji.

KUNDI LA PILI: MIOMBO

Penye udongo wenye kina, usiotuamisha maji, na mvua inayofika kiasi cha milimita 700 na zaidi, ndipo penye miombo. Humo mna mtundu, na mninga, mti wa mbao unaosifiwa nchi nzima. Miti hii ina mizizi iendayo chini sana, tena hukaa kwa ushirika na namna za uyoga ulio ardhini. Nyuzi za uyoga huo huzunguka mizizi na kuisaidia kutafuta chakula katika udongo uliochoka. Nao uyoga hulishwa na mti. Ndiyo maana mvua za kwanza zikinyesha watu huenda miomboni kuchuma uyoga wa kula.

Alama yake kubwa ni hii: mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua haijanyesha hata tone, miombo huchipua majani mapya, mekundu kama shaba. Maji ya kuchipulia yametoka wapi? Yametoka katika akiba ya chini. Basi mtu aonapo pori limekuwa jekundu kabla ya mvua, na ajue ya kuwa chini ya miguu yake iko ghala iliyosalia na maji. Lakini asidhani ya kuwa ni ardhi ya rutuba nyingi. Miombo hukaa mara nyingi katika udongo maskini, na shamba lililofunguliwa humo huchoka baada ya miaka michache.

KUNDI LA TATU: VICHAKA VYA ITIGI

Msafiri wa Reli ya Kati akipita Manyoni kwenda Itigi huona vichaka vilivyosongamana hata mtu hawezi kupenya bila panga. Kimo chake ni kama mita 3 hata 5. Hakuna mti mmoja unaotawala. Ni vichaka vya namna nyingi vilivyosukana, navyo hupukutisha majani yote wakati wa kiangazi. Vichaka vya namna hii haviko ila hapa kwetu na katika Zambia ya kaskazini, karibu na ziwa Mweru Wantipa na ziwa Tanganyika. Huko Zambia sehemu kubwa imekwisha kufyekwa.

Siri ya vichaka hivi ni udongo wake. Wakati wa masika udongo huo wa kichanga hulainika na kumeza maji, na mizizi huenea kila upande. Mvua ikikoma, hukauka na kuwa mgumu sana. Kichaka kimezoea mambo hayo: hunywa upesi, hufanya kazi yake katika miezi michache, kisha hulala. Mahindi hayakuzoea hivyo. Faida kubwa ya vichaka hivi ni maua yake, ambayo huwapa nyuki chakula. Na huko Aghondi, katika wilaya ya Manyoni, pametengwa hifadhi ya nyuki.

KUNDI LA NNE: MIGUNGA NA MANEMANE

Mahali mvua ilipo haba zaidi, kama vile chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Bahi, na katika miteremko ambayo udongo wake ni mwembamba, miombo hukoma na migunga huanza. Mmoja katika hiyo ni mgunga wenye kichwa kama mwavuli, ambao Wagogo huuita mkungugu. Majani yake ni madogo mno, ili yasipoteze maji. Pamoja nayo hukaa miti ya manemane yenye gome linalobanduka kama karatasi. Chini ya karatasi hiyo gome ni la kijani, nalo hufanya kazi ya majani wakati mti ukiwa mtupu. Mibuyu nayo huonekana hapa, na shina la mbuyu hujaa maji ndani.

Kundi hili ni malisho mema, maana maganda ya migunga huanguka wakati wa ukavu, majani mengine yanapokosekana. Lakini huko nyuma mifugo mingi iliangamia humo, kwa sababu aina moja ya mbung'o, ile iliyopewa jina la Bwana Swynnerton, yapenda mapori ya migunga. Na aina nyingine yapenda miombo. Basi hata mdudu ameyasoma makundi haya.

KUNDI LA TANO: MITI YA MBUGA

Bondeni kabisa, kama katika nyika ya Wembere inayomwaga maji yake ziwa Kitangiri, uko udongo mweusi. Masika hufurika; kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtu aweza kuingiza mkono wake. Mti ukaao hapa una matatizo mawili yanayopingana: kwa miezi kadha mizizi yake hukosa hewa kwa wingi wa maji, na kwa miezi mingine hukatwa na nyufa na kukosa maji kabisa. Miti michache tu huvumilia. Wa kwanza ni mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi katika miiba, vilivyotobolewa na sisimizi waishio ndani, navyo hulia kama filimbi upepo ukivuma. Wa pili ni mgunga wenye gome la rangi ya chungwa.

Mahali pengi mbuga haina mti hata mmoja, ni majani matupu. Mtu asipande hapo miche ya kilimani akitumaini ya kuwa maji ni mengi. Ni mengi, lakini si ya wakati wote, na yakizidi huiua mizizi kama vile yakipungua.

KUNDI LA SITA: MITI YA MITO NA CHEMCHEMI

Wakati wa Septemba, mtu akisimama juu ya kilima, huona katika nchi ya rangi ya vumbi mstari wa kijani unaopinda-pinda. Huo ni mto wa msimu. Juu yake hapana maji, bali chini ya mchanga yako. Hapo ndipo mikuyu, mikwaju na mizambarau ya mwitu. Mikuyu mikubwa iliyo mibichi mwaka mzima katika tambarare ni dalili njema kwa wachimbaji wa visima. Lakini mtu asiamini kila mti wa kijani. Mgunga mmoja mbichi si dalili, maana mizizi yake huweza kwenda chini kupita kina cha kisima cha kuchimbwa kwa mkono.

Miti hii ya kundi la sita ndiyo michache kupita yote, na ndiyo hukatwa kwanza, kwa kuwa watu hupenda bustani mahali palipo na unyevu. Ikikatwa, ukingo hubomoka, mchanga hujaa, na chemchemi huziba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza kufanya shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji au ukingo wa mto.

TAHADHARI KWA MSOMAJI

Asitazame mtu mti mmoja peke yake akatoa hukumu. Mkwaju waweza kuota kando ya mto na pia juu ya kichuguu. Mbuyu waonekana katika makundi mawili au matatu. Tena moto, shoka na jembe hubadili pori: miombo iliyokatwa na kuchomwa kila mwaka yaweza kuonekana kama nchi ya vichaka tu. Mtu na atazame jamaa nzima ya miti, kisha achimbe shimo dogo autazame udongo. Miti na udongo vikikubaliana, hapo atakuwa na hakika.

HASARA YA KUTOSOMA

Huenda wengine wakasema ya kuwa mambo haya ni ya wenye elimu, hayana faida kwa mkulima. Sisi twajibu kwa mfano wa Kongwa, katika Mkoa jirani wa Dodoma. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe kutazama nchi ya kulima karanga, nao ukakagua Tanganyika kwa haraka ya wiki chache. Mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya vichaka vikavu. Walikusudia kufyeka zaidi ya eka milioni 3 katika mahali mbalimbali. Vichaka viliwashinda, mizizi ikavunja mashine, mvua zikawa haba; na wakati wa mavuno udongo ukawa mgumu hata karanga zisiweze kutolewa ardhini. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara yake ilikuwa kama pauni milioni 36. Yale vichaka vilivyokuwa vikiyasema juu ya maji ya Kongwa hayakusikilizwa. Serikali kubwa yaweza kupoteza pauni milioni 36 na kuendelea kuishi. Mkulima akipoteza masika moja, watoto wake watalala na njaa.

Mfano mwema nao uko, tena katika Singida yenyewe. Msitu wa Mgori ni pori kubwa la miombo. Serikali ilikuwa imekusudia kuuchukua uwe hifadhi yake; lakini mwaka 1995 vijiji vitano vinavyoupakana vilikabidhiwa kuulinda, kila kijiji na sehemu yake. Wenyeji walijiwekea sheria na walinzi wao. Walijua ya kuwa msitu huo ni zaidi ya mbao: ni uyoga, asali, dawa na malisho.

MAMBO YA KUFANYA

Basi, twawashauri wasomaji wetu mambo manne.

Kwanza, kabla ya kupanda, tazama mahali pako ni katika kundi lipi, kisha chagua mti wa kundi hilo au wa kundi lililo kavu zaidi. Usichague wa kundi la maji mengi zaidi. Mkaratusi, ambao hukua upesi kwa kuwa hunywa sana, usiupande karibu na kisima wala chemchemi.

Pili, penye mteremko mkavu, fuata fundisho la jabali. Chimba kishimo chenye kingo za nusu duara upande wa chini wa mche, ili maji yanayotiririka yakusanyike. Panda mvua ikiwa imekwisha kulowesha udongo vema, si baada ya manyunyu ya kwanza.

Tatu, kabla ya kununua mche, tazama visiki. Kisiki cha mti wa pori kilicho hai kina mizizi iliyokwisha kuyafikia maji miaka mingi iliyopita. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, kata mengine, na uyalinde na mbuzi na moto. Katika Mkoa wa Dodoma kazi hii yaitwa kisiki hai, na imerudisha miti mahali miche ilipokufa.

Nne, ukitaka kufungua shamba jipya, mwulize Bwana Shamba wako na wazee wa mahali hapo, kisha uulize na miti. Penye miombo, jiandae kurudisha rutuba kwa samadi. Penye vichaka vya Itigi, weka mizinga. Penye mbuga, lima mpunga kama maji yatosha, au lisha ng'ombe. Penye mikuyu, uache ukingo kama ulivyo.

Mti hauhami. Umesimama mahali pamoja miaka 50 au 100, umeonja masika yote na kiangazi chote cha mahali hapo. Mtu aliyefika jana na shoka yake yafaa asimame kidogo autazame kabla hajaukata.